Maana Niliyoitunga ya Jina Wenseslausi

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mzee wa miaka sabini na mbili, katekista mstaafu wa huku Mwazye, mwenye jambo linalomnyima raha mpaka ugali wa ulezi haushuki.

Miaka ishirini na saba iliyopita alinijia mama mmoja, Otilia, amembeba mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hata unaogopa kumtazama, na mama huyo alikuwa ameshazika wawili, akataka nimwandike haraka kwa ubatizo, nami nikafungua kalenda ya watakatifu kama tulivyozoea, tarehe ilikuwa ishirini na nane Septemba, nikamsomea: Wenseslausi. Akalirudia taratibu mpaka akaliweza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, maana yake nini?" Sasa mshauri, mimi sikujua, padre alikuwa safarini, na katekista huku kwetu ndiye anayeulizwa kila kitu kuanzia Biblia mpaka ugonjwa wa ng'ombe, nikaona aibu kusema sijui, na tena nilimhurumia mno, nikamjibu, "Maana yake ni Huyu Anabaki."

Akalia, akacheka, akaenda zake, na mtoto kweli akabaki. Tangu hapo Otilia kila akikutana nami ananishika mikono yote miwili na kuniambia jina lile lilifanya kazi, akivuna mahindi ananiletea debe, na mimi, Mungu anisamehe, napokea. Tena nikanogewa, kila mzazi akiuliza maana nikawa natunga, wazazi wa Eustaki niliwaambia ni mpenda kazi, na ungemwona huyo Eustaki anavyoshinda akiota jua ungenionea huruma.

Sasa Wense ni fundi umeme Sumbawanga, anaoa Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi uko Kizwite, na mama yake ameomba nisimame na kipaza sauti niwaeleze wageni maana ya jina la mwanawe. Juzi mchumba wake, Lydia, mwalimu anayeishi Malangali, alikuja akanionyesha kwenye simu kwamba jina hilo ni la Waslavi, watu wa huko Ulaya, na habari ya kubaki haimo, akaniuliza kwa adabu, "Babu, mama tumwambieje?" Nikajifanya sina miwani. Nikisema kweli namvunja moyo Otilia, nikirudia uongo bibi harusi ananitazama, naomba uniambie nishike lipi maana mimi nampenda kijana yule kama niliyemzaa.

Katekista mstaafu, Mwazye

Babu, shikamoo. Barua yako imenichekesha, kisha ikaniliza, kwa hiyo nikikugombeza usidhani sikupendi. Jibu hili nakutumia kwanza kwa simu. Gazetini litatoka harusi ikishapita, Otilia asije akasikia habari zake sokoni.

Lydia yuko sahihi. Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili ya kale ya Waslavi, moja ni "zaidi" na jingine ni "utukufu", yaani mwenye utukufu mkubwa zaidi. Mtakatifu mwenyewe alikuwa mtawala wa Bohemia, sehemu ya Cheki ya leo, akauawa kwa njama za mdogo wake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akiwa bado kijana. Yeye hakubaki, Babu. Otilia akilisikia hilo kwa mtu mwingine utamtazamaje?

Kumhurumia mama mwenye mtoto dhaifu sikulaumu, hata mimi ningetetereka. Lakini mtoto alipopona ungesema, nawe ukanyamaza na kupokea debe. Na hiyo ya kujifanya huna miwani mbele ya binti aliyekujia kwa heshima, mzee mzima, imeniudhi kabisa. Akina Eustaki utawafuata mmoja mmoja baadaye, uzee wako una nafasi.

Kesho asubuhi nenda kwa Otilia. Nenda mwenyewe, usimtume Lydia. Kaa chini, umwambie, "Sikujua, nikaona aibu, nikatunga." Halafu nyamaza, umwache aseme atakalo, hata akikutimua. Akishatulia, muulize jambo ambalo nina hakika hujawahi kumuuliza: kitoto kile alikileaje? Alikifunga kifuani siku ngapi kwa baridi ya huko kwenu? Kilipokosa nguvu ya kunyonya, maziwa alikinywesha kwa kutumia nini? Sikiliza vizuri, ikibidi andika, na miwani uvae.

Jumamosi ukipewa kipaza sauti, maana halisi ya jina itaje kwa sentensi moja, wageni wamekuja kula. Kisha, kama Otilia ameridhia, waeleze aliyokusimulia. Miaka ishirini na saba mama huyo amekuwa akikushukuru wewe kwa kazi iliyofanywa na mikono yake. Mrudishie shukrani zake, Babu, mbele ya watu, mwanawe akisikia.