Kikwembe Yenye Nilikufunga ku Muguu

Njo vile nilikuwa nakuambia asubui, Mama Aline, mbele bageni baniingilie: ule jirani wetu anauzishaka viatu alirudi toka Kikagate na bibi wa pili. Bibi wa kwanza alibapokea na mwiko! Ungecheka mpaka ulale chini. Nilizunguka nikuangalie ku mulango yako, nikakumbuka hauko tena.

Sina tena mutu wa kuongea naye. Na iko neno moja sijaambia mutu. Miye! Miye mwenye hata mimba ya mbuzi natangaza!

Ile siku mu shamba, nyoka ilipokuuma ku kifundo, nilipasula kikwembe yangu ya kiuno nikakufunga chini ya goti. Ulilia: "Dada, legeza kidogo, unaniua." Nikasema nyamaza, sumu itapanda ku roho. Nikaingiza kijiti, nikakaza. Gari ya kwenda Mbarara ikakawia, masaa na masaa. Ukasema hausikie tena maumivu, nikashukuru Mungu. Kumbe muguu ilikuwa inakufa.

Kule hopitali, daktari alinivuta pembeni. Alisema nyama inakula damu. Ukifunga njia ya damu, nyama inakufa na njaa, inaoza ingali ku mwili. Sawa vile banafungaka robine ya maji hapa kwetu, bidon zote zinabaki bila kitu. Akaangalia alama ya meno, akasema ile nyoka hata sumu haikukuwa nayo. Haikukuwa nayo, Mama Aline! Muguu yako baridi sawa jiwe, nyeusi. Balipofungua, uchafu ya ule muguu ikapanda mu mwili muzima. Siku mbili tu, ukaenda.

Nyumbani nikasema: nyoka. Bantu bote banasema nilikupigania sana. Banapika chai, bananipongeza, nakunywa.

Na Aline wako alifua ile kipande ya kikwembe. Anajifunga nayo mu kiuno kila akienda kulima, anasema njo dawa ya mama yake. Namuangalia, mudomo yangu inakauka. Huu mudomo!

Unisamehe. Hapana, usinisamehe mbele nimuambie. Nitamuambia siku ya yenga, kisha kanisa, ao ile ingine ya...

Anaita. Ni Aline, ku njia ya shamba: "Tantini, kuya mbio! Nyoka imeuma muzee wa viatu! Nimekwisha kumufunga na kikwembe, kuya unisaidie kukaza!"

Naenda kufungua, ndugu yangu. Na nitasema yote, mbele ya mutoto wako, mbele ya bote. Ulale. Naku...