Hina Mbichi Mikononi mwa Nasra

Jumamosi, mwezi 4 Rajabu

Nimechekecha hina tangu alfajiri. Hina ya leo ni ya maharusi wa kesho, haisubiri mtu. Mjukuu wangu Nasra kashika ncha moja ya kitambaa, mie ncha ya pili. Kaanza tena mchezo wake. Mkono wa kulia unaruka, anaukung'uta kama mtu aliyetoka kunawa, na shingo inafuata, upande. Hina imemwagika sakafuni. Nikamwambia wacha. Kawacha kidogo. Kaanza.

Miaka saba. Akili anayo. Kusoma ananishinda mie niliyeishia darasa la tano. Si mpumbavu, ndiyo maana nnaona ni ujeuri.

Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo, mama yake, Zuhura, ananuna. Zuhura ni mwanangu wa kumzaa, lakini kununa kamrithi babake.

Jumatatu, mwezi 6

Nimemfunga mkono. Naandika kama ilivyokuwa. Kwa kipande cha kanga, mkono kiunoni, si kwa kumuumiza. Atulie tu nimalize kupika. Hakulia. Mkono ukatulia, bega likaanza. Linapanda, linashuka, macho yanapepesa. Ukiziba huku inatokea kule, kama panya wa darini.

Zuhura anafua mashuka kwenye hoteli moja Mji Mkongwe. Karudi kachoka, kamkuta mtoto vile. Kaifungua kanga, kaikunja vizuri, kaniwekea mapajani. Bora angenitukana.

Kila mtu kala kivyake.

Jumatano, mwezi 8

Jirani yangu Bi Mize kaja kuazima kinu, maneno yakamtoka. Mtoto huyu ana kitu. Kitu gani, nikamwuliza. Kajitia anajua. Kwa Bi Mize hata kuku akigoma kuatamia, ni jini. Nikamwambia kinu nakitaka kabla ya magharibi.

Lakini alipoondoka tu nikavaa baibui nikaenda kwa sheikh. Kaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, kaiosha kwa marashi. Nasra kanywa hakubakisha tone. Kaniuliza kama sasa imekwisha. Nikasema inshallah.

Hatujafika nyumbani, mkono umeruka. Mbele ya watu, pale dukani kwa mikate. Hakuutazama mkono. Kanitazama mie, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Dua haipotei, hilo nnalijua. Lakini uchungu nimeuona.

Jumamosi, mwezi 11

Sasa hili kubwa. Kila mwaka usiku wa Miraji watoto wa chuo cha Kurani wanasoma kasida za kumsifu Mtume. Wasichana wanasimama safu, kanzu nyeupe, mitandio ya kijani, wanayumba pamoja, kulia pamoja, kushoto pamoja. Nasra ndiye anayeanza, wenzake wanampokea. Sauti yake Jang'ombe nzima, mtaa wetu, inaijua.

Leo Ustadha Salma, mwalimu wao, kaja mwenyewe. Kakaa kitako, chai kaikataa. Hapo nikajua. Anasema mkono wa Nasra unaharibu safu. Wakubwa wanacheka, wadogo wameanza kumwigiza. Asipotulia mpaka siku yenyewe, atakaa na wasikilizaji. Kasema, si kwa ubaya, Bi Mkubwa. Nikamjibu ubaya haubishi hodi ukajitaja.

Nasra alikuwa nyuma ya pazia. Kasikia yote. Chakula hakukigusa. Kaja akaniegemea, kasema neno moja tu.

"Bibi, nitulize."

Jumatatu, mwezi 13

Hospitali. Zuhura kaomba ruhusa kazini. Daktari mwanamke, kijana. Kaniamkia shikamoo ya kutoka moyoni, nikamhesabia hilo. Kazungumza na Nasra habari za paka, huku anaangalia mkono bila ya kuutolea macho.

Kasema si wazimu. Si ujeuri wala malezi mabaya. Ni ubongo unautuma mwili bila ya mtoto kutaka. Watoto kadhaa wanayo hali hii, wengi hupungua wakikua, wengine wanabaki nayo. Inazidi akichoka, akiogopa, hata akifurahi sana. Msimkemee. Msimshike. Msimwambie wacha, kwani kila mkimwambia mnamkumbusha. Alale mapema, na mwalimu aelezwe. Yapo mafunzo ya kumsaidia mtoto, lakini mtu wa kuyatoa anakuja mara mojamoja tu, jina letu litawekwa. Dawa zipo kwa ile inayomuumiza mtoto, kwa sasa haoni haja.

Nikamwuliza, basi leo unatupa nini? Kasema leo nakupeni maelezo. Maelezo! Nimevaa viatu vya Idi kwenda kuchukua maelezo.

Njiani Zuhura analia kwa furaha. Ati si wazimu. Mie sikuona cha kufurahia. Ugonjwa wenye dawa naujua, na ugonjwa wa kifo naujua. Huu wa kukaa ukautazama siujui.

Alhamisi, mwezi 16

Nimejaribu kutosema wacha. Wallahi nimejaribu. Mkono umeruka kwenye uji, nikakaza meno. Shingo, nikatazama dirishani. Anavaa viatu ikaja mfululizo, moja juu ya moja, ikanitoka. Wacha! Kiatu kikamwanguka.

Ulimi wangu nao hausikii.

Zuhura kenda kumweleza Ustadha. Ustadha kasema kaelewa, lakini wageni watakaokuja hawakuelezwa. Bado anamwangalia mtoto, hajaamua. Nasra anajizoeza mbele ya kioo, mikono kaibana kwapani, anasoma kasida nusu ya sauti.

Jumanne, mwezi 21

Nilikuwa Mtoni kumchora bibi harusi. Msichana hatulii, anahangaika kama kuku wa kamba, simu haimtoki mkononi. Nilipomgusa na hina akawa jiwe. Wote huwa hivyo. Hina mbichi haina mjadala, ukitikisika umeiharibu na watu wote wataiona. Hata pua ilipomuwasha kamwomba dada yake amkune.

Nimerudi na fikra. Sisemi na mtu.

Jumapili, mwezi 26, baada ya alasiri

Nimemtia hina Nasra. Mikono yote miwili mpaka juu ya vifundo. Nzito, maua makubwa, ya kiharusi hasa. Nimeichelewesha makusudi, haitawahi kukauka kabla ya kasida. Nikamwambia kwa utani wa bibi na mjukuu, mke mwenzangu, hii mbichi. Wewe umevaa nyeupe na wenzio wamevaa nyeupe. Ukirusha mkono, itaruka.

Kaitazama mikono muda mrefu.

"Sirushi, Bibi."

Na kweli harushi. Kakaa kigodani, vidole kavitanua, nzi kamtua usoni hakumfukuza. Daktari kasoma weee, hili hakulijua. Zuhura yuko kazini, atatukuta hukohuko chuoni.

Nnafukiza baibui langu udi. Leo nnakaa mbele.

Jumatatu, mwezi 27

Niandike upesi yaishe.

Ustadha kamwona Nasra katulia, hina kaidhani imekauka, kamweka safuni. Kasida ya kwanza hakutikisika. Safu inayumba, yeye kainyoosha mikono mbele kama anayepokea kitu kizito. Sauti imetoka safi. Mwanamke mmoja kaniuliza yule wa nani. Nikasema wangu.

Ya pili nikaona jasho. Shingo imekaza. Mdomo unatetemeka, sauti inapanda kupita pake. Nilijua. Nilikaa pale nikajua, na sikunyanyuka.

Kisha ukaja. Haukuja mmoja, ikaja yote aliyoizuia. Mkono wa kulia, wa kushoto, shingo, mabega. Hina ikaruka. Kanzuni mwake, kanzuni mwa wenzake huku na huku, usoni mwa binti wa Bi Mize. Safu ikavunjika. Mmoja kalia, wengine wakacheka. Nasra bado anasoma. Kasoma peke yake mpaka mwisho wa ubeti, mikono inaruka, ndipo akakimbia.

Zuhura kamdaka mlangoni. Ustadha kawafuata, kauliza mbele za watu nani kamleta mtoto na hina mbichi.

"Mimi," Nasra kasema. "Nilijitia mwenyewe."

Maua yale? Jang'ombe nzima inaujua mkono wangu. Wakageuka wote kunitazama. Sikufungua mdomo. Mdomo huu, unaosema kila kitu.

Jumanne, mwezi 28

Kanzu zimeletwa. Tumefua uani mie na Zuhura. Sabuni, ndimu, dawa ya madoa, jua. Zuhura hutoa kila doa la wageni, haya yamemshinda. Mie nilijua kabla ya kutia maji. Hina inafifia, inakuwa rangi ya kutu, inakaa. Zuhura hakunilaumu. Anasugua tu, kichwa chini, na mie nnasugua ninachojua hakitoki.

Jioni nimekwenda nyumba moja baada ya moja kusema ni mie. Wengine wamenijibu kwa adabu, ile adabu ya kutaka uondoke. Bi Mize kasema alijua palepale. Kisha kanivutia kigoda nikae. Hilo sikulitaraji.

Kwa Ustadha nimekwenda mwisho. Nimemwambia mtoto hana kosa, kosa langu. Kasema Nasra apumzike kwanza. Kwenye Maulidi, huko Mfungo Sita, tutaona. Neno tutaona nalijua. Ndilo ninalowaambia maharusi nisiotaka kuwachora.

Nasra hajauliza kama atasimama tena. Afadhali angeuliza.

Jumatano, mwezi 29

Mkono haujapumzika tangu siku ile. Unampiga pajani, pameanza kuwa pekundu. Zuhura kampelekea habari daktari. Atamwona wiki ijayo.

Leo nimemwuliza Nasra, kwa kutaka kujua. Huwa ikoje ikikujia?

"Kama chafya, Bibi. Ukiizuia inarudi kubwa."

Nikamwambia mbona hukuniambia siku ile, ningekuosha.

"Ulikuwa umefurahi."

Nimekwenda jikoni nikapepea mkaa uliokwishawaka.

Ijumaa, mwezi 1 Shaabani

Kumekucha na hina tena. Kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani. Nasra kachukua ncha yake ya kitambaa bila ya kuitwa. Kavaa ile kanzu, kakataa isitupwe. Madoa yako upande wa moyo, mengine mkononi mwa kanzu.

Mkono umeruka. Hina sakafuni. Neno likanifika mdomoni, likarudi. Mara ya pili likanitoka, lakini dogo. Kanitazama, nikatazama kitambaa.

Mtu wa mafunzo hajaja. Mkono uko vilevile. Na mie sijui nimfanyie nini mtoto huyu, naandika hivyo kwa sababu ndivyo.

Baadaye kaanza ile kasida, ya pili, kwa sauti ya chini. Mkono unaruka, shingo inafuata, sauti haikatiki. Kafika pale alipokimbia, kapapita.

Nimesogeza bakuli la hina upande wangu kidogo, mkono upate pa kuruka. Tumeendelea kuchekecha.