Paka wa Kiajemi Mwenye Jina la Babamkwe

Mwisenge, Jumanne usiku

Yaani nimeshindwa kumwita paka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kosa ni langu. Jumapili, shangazi wa mume wangu alipokuja kutoka Butiama, nilimsomea kwenye simu habari za huyu paka ambaye binti yetu alitutumia kutoka Dar. Asili yake Uajemi, mtulivu, hapendi kelele, akipata kiti chake hatoki. Shangazi akamtazama: manyoya kama blanketi, uso umenuna, kajaa kwenye kiti cha marehemu babamkwe.

"Huyu ni kaka yangu mtupu! Hivi hivi alikuwaga. Mpeni jina lake."

Mume wangu akakubali, tena kwa machozi. Mimi nani aliniuliza? Kwetu mkamwana hatamkagi jina la babamkwe, hata akiwa kaburini.

Leo jioni mlango ulibaki wazi, paka akatoka. Mbwa wa mtaa huu watamla, kukimbia kwenyewe hajui. Nikazunguka na sahani ya sangara, naita, "Baba! Baba, rudi nyumbani, nimekupikia!"

Jirani yangu Mama Bhoke akatoka, akanishika mkono taratibu.

"Mama Neema, si tulimzika babamkwe wako?"

Kabla sijajibu nikamwona paka barazani kwake, ametulia kwenye kiti cha plastiki, amenuna.

"Huyo hapo nyuma yako," nikamwambia, "amekaa."

Mama Bhoke hakugeuka. Alikimbia, akaacha na kandambili.