Magurudumu Uliyotutumia

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, mvua imekatika.

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, mkubwa wangu. Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na yule Mtukutu wenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Baba anakula, analala, anagomba, na akigomba najua ni mzima. Mimi mgongo unaniuma kidogo kwa kuinamia cherehani, lakini si wa kulalamikia.

Kila ukipiga simu unaniuliza kama magurudumu yamelikaa gari, nami nakujibu kwamba tutaongea. Simu ile huwa naipokea Baba akiwa pale kitini, masikio wima kama sungura. Leo amejilaza baada ya chai, ndiyo maana nimeshika kalamu. Naomba uisome barua hii umekaa.

Huku kumebadilika tangu uondoke. Jirani yetu mwokaji mikate amejenga ghorofa, na ukuta wake umekuja mpaka kwenye mpaka kabisa. Ule uwanja wa pembeni tuliokuwa tukipitia na baiskeli sasa ni ujia mwembamba, ukuta wetu huku, ukuta wake kule, na kabla ya kufika getini unapinda kidogo. Gari la Baba liko nyuma ya nyumba. Njia yake ya kutokea ni hiyo tu.

Tangu apate kiharusi, Baba hakuwa amevuka geti. Daktari wa mazoezi alisema mguu ule usipozoezwa kule kwenye vifaa vyake utakauka kama kuni. Nikaita teksi, akakataa. Mwokaji akajitolea kumpeleka kwa gari lake la mikate, akakataa. Alisema yeye si gunia la kubebwa na kila mtu, na kwamba atatoka humu kwa gari lake au hatatoka. Unamjua. Marehemu Mama alikuwa akiliita gari lile mke mwenzake, na hakuwa anatania sana.

Basi mimi nami sikutoka. Nani angebaki naye? Wateja wananiletea vitambaa mlangoni, mwokaji ananipitishia mkate dirishani, dawa zinaletwa na muuza duka. Kuna wakati nilitoka kumwaga taka nikasimama barabarani nikitazama watu wanavyopita, mpaka Baba akaita kuuliza kama nimezimia.

Ugumu ulikuwa kwenye magurudumu. Injini ilikuwa nzima, lakini rimu za asili zilioza kwa kutu pale lilipokaa juu ya mawe, na saizi ile haitengenezwi tena. Ndipo nikajifunza kwamba kulichagulia gari la zamani magurudumu mageni ni sawa na kumshonea nguo mtu asiyekuwepo. Kuna matundu ya nati: letu lina manne, ya siku hizi mengi yana matano. Kuna tundu la katikati, ambalo lazima likae kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu, bila kucheza. Halafu kuna kile fundi anachokiita kina, yaani rimu inaingia ndani ya gari kiasi gani au inatokeza nje kiasi gani. Upana unaweza kuwa sawa, urefu sawa, kina kikakuangusha. Ni kama koti lililokaa kifuani na kukataa mabegani.

Fundi wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu hata nati moja lazima kwanza aizunguke kwa macho. Alituletea rimu za chuma za teksi moja iliyokufa, matundu manne, na matairi yake membamba. Baba akasema gari lake halivai viatu vya kuazima. Akaleta nyingine, Baba akasema zinamfanya aonekane mhuni. Akaleta nyingine tena, hizo zikawa ndogo, eti gari litaonekana limepiga magoti. Taratibu akawa anakuja kunywa chai tu.

Kisha zikaja zako. Kaka, tulipofungua sanduku mtaa mzima uliona mwanga. Hata mwokaji aliacha tanuri lake akaja kujitazama kwenye rimu. Najua ulizichagua kwa mapenzi, kwa kutazama picha ya gari niliyokutumia. Mimi nilijiandaa kusikia Baba akizikataa. Badala yake alipitisha ule mkono wake mzima kwenye ukingo, akaupeleka nyuma ya rimu, halafu akasema, "Haya ndiyo." Nilifurahi mno hata sikujiuliza.

Zilikuwa na matundu matano. Taratibu akachongesha mabamba ya chuma ya kukaa kati ya habu na rimu, na alitutahadharisha kwa ile sauti yake ya usingizi kwamba mabamba yatayasukuma magurudumu nje zaidi, na matairi yenyewe ni mapana. Baba akamwambia aweke. Mimi nikaleta futi yangu ya kushonea nikapima nafasi kati ya tairi na madigadi. Kidole kilipita vizuri. Lakini nilipima gari likiwa tupu, usukani umenyooka.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari nikamvalisha Baba shati la drafti na viatu vilivyong'arishwa. Nikamkalisha kiti cha mbele, mimi nikashika usukani, Taratibu akatangulia mbele akitembea kinyumenyume na kutuashiria. Tukaingia kwenye ujia. Pande zote mbili nafasi ilikuwa ya pua na mdomo. Hata hivyo nilikuwa na raha. Tulipofika pale panapopinda nikakata usukani, tairi la mbele likapanda kwenye madigadi, likauma. Usukani ukagoma. Nikarudisha nyuma kidogo, likauma zaidi, na gari likasogea ubavu mpaka likauegemea ukuta wa mwokaji. Harufu ya mpira ikajaa ndani.

Nikajaribu mlango wangu. Ulifunguka upana wa kidole ukagota. Wa Baba haukufunguka kabisa. Taratibu akachungulia chini, akasimama, akaenda kutafuta jeki kubwa na watu wa kusukuma. Unajua mwendo wake.

Tukabaki wawili mle ndani. Upande wa Baba kulikuwa na ukuta mtupu. Upande wangu kulikuwa na dirisha la chumba hikihiki ninamokuandikia. Nikaona cherehani yangu, gauni la mteja limening'inia nusu, kiti changu chenye mto uliochanika. Sikuwahi kukiona chumba hiki kutokea nje. Nilikitazama kama mtu anayetazama banda la kuku, Mungu anisamehe, na kuku mwenyewe ni mimi.

Nikaanza kumwomba Baba radhi kwamba nilipima vibaya. Akanyoosha mkono akazima ufunguo. Akasema bila kunitazama:

"Hukupima vibaya. Mimi niliishika ile rimu nikajua kina chake hakifai. Nilijua hapa kwenye kona litauma."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Likitoka gari, utatoka na wewe."

Hapo inabidi nikueleze jambo ambalo sikukwambia. Mwalimu wangu wa zamani wa ushonaji sasa ndiye mkuu wa chuo cha ufundi katika mji mwingine. Alinipigia akitaka nikafundishe ukataji wa nguo. Kuna chumba cha kuishi, kuna mshahara wa kila mwezi. Nilidhani Baba hajui. Kumbe simu ile aliisikia yote, na tangu siku hiyo ndipo kila rimu ilianza kuwa na kasoro.

Nilikasirika, kaka, nikiwa mahali ambapo hata mkono sikuweza kuutupa. Ningekuwa jikoni ningegonga sufuria. Ningekuwa uani ningechota maji yasiyohitajika. Pale nilikuwa na usukani usiozunguka na mlango usiofunguka, na mtu niliyemkasirikia amekaa bega kwa bega nami, mkono wake mgonjwa umelala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Nikamwambia, "Baba, mguu wako unakufa kwa ajili ya kunizuia mimi." Akasema anajua. Akasema alifikiri mguu ni bei nafuu. Niliona machozi yake na yeye akaona yangu, kwa sababu hapakuwa na pa kugeukia.

Taratibu alirudi na mwokaji na wapishi wake, wote weupe kwa unga. Akalala chini kwa mbele, akaingiza jeki, akainua bodi. Gari lilipopanda, tairi likashuka lenyewe, madigadi yakaliachia kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Nikanyoosha usukani, wakatusukuma kinyumenyume mpaka uani. Mwokaji akasema ukuta wake umepata nakshi, akaondoka akicheka. Ni yeye peke yake aliyecheka siku hiyo.

Siku zilizofuata nilimpa Baba dawa na chakula na maji ya kuoga, maneno sikumpa. Naye hakuomba. Mpaka asubuhi moja akaweka kikombe chini akasema nimwambie Taratibu alete zile za teksi.

Safari hii nilipima kama fundi nguo anayejiheshimu. Nilikata usukani mpaka mwisho huku, kisha mpaka mwisho kule. Nilimkalisha Baba ndani, nikamwomba mwokaji akae nyuma na gunia lake la unga ili gari lishuke. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa anatoa amri. Alimfanya Taratibu akaze nati kwa kuvukanavukana, moja kisha inayoikabili, siyo kwa kuzunguka, ili rimu ikae sawasawa. Rimu zile hazina sura, nyeusi kama masufuria, na matairi membamba kama ya gari la zimamoto la zamani. Lakini tulipofika kwenye kona gari lilipinda kama samaki. Hatukugusa ukuta. Tukatokea barabarani, na Baba akaweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka tukafika.

Daktari wa mazoezi alimgombeza vilivyo. Mguu haujakauka, ila umechelewa, na sasa tunakwenda kila Jumatatu na Alhamisi. Ameanza kusimama mwenyewe akishika meza.

Ungedhani basi nimefunguliwa. Sasa nimekuwa mshonaji, muuguzi na dereva. Gari linatoka, ndiyo, lakini haliwezi kutoka bila mimi, na Baba hataki mtu mwingine aguse usukani. Zamani nilifungwa na geti. Siku hizi natoka nao mwenyewe ukuta wangu, naupaki mbele ya kliniki, narudi nao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikulaumu kwamba kwa mbali unaonekana mwepesi. Lakini nakuomba, kaka, usitutumie kitu kingine. Usitume vioo, usitume redio ya gari. Njoo. Njoo hata likizo moja, ushike usukani, Baba akubali kuwa kuna mikono mingine duniani. Wewe ndiye pekee ambaye hatathubutu kumwambia hajui kuendesha, maana alikufundisha yeye.

Mkuu wa chuo amesema ananisubiri mpaka muhula ujao, hatasubiri zaidi. Nimemjibu kwamba nakwenda. Nimelisema hilo kabla sijajua nani atabaki hapa, lakini nimelisema.

Baba nilimwambia Alhamisi iliyopita, tukiwa tumeegesha nje ya kliniki, injini imezimwa. Nilisema kwa haraka, nikiangalia mbele. Alikunja na kukunjua vidole vya ule mkono mgonjwa kama daktari alivyomwelekeza. Kisha akaniuliza:

"Huko kwenye mji wenyewe, barabara ni ya lami mpaka chuoni?"

Nikamwambia ni ya lami.

Akatikisa kichwa, akasema matairi haya hayapendi kokoto. Halafu akaniambia niwashe gari, twende nyumbani.

Mpaka leo sijui, kaka, kama pale alikuwa ananiaga au anajiandaa kunifuata.

Nisalimie sana wifi, mwambie gauni lake liko tayari, shingo nimeipunguza kama alivyotaka. Mtukutu umpe busu la shavuni kwa niaba ya shangazi yake asiyemjua sura. Shangazi yetu mkubwa anakusalimu kutoka kijijini. Mwokaji na Taratibu nao wanakusalimu, na Taratibu anasema rimu zako ni nzuri, zinachosubiri ni gari lao tu. Baba hajui kwamba nakuandikia, lakini jina lako halikosi kwenye dua zake.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akufungulie kila mlango ulio mbele yako, na sisi huku atukumbuke.

Ni mimi akupendaye, mdogo wako wa pekee,

Sindano.