Kaa la Moto Kutoka kwa Gwandu

Baba Paskalina, mume wangu,

Mdogo wako amenikataza kutoka nyumbani. Anasema mjane hatembelei nyumba za watu kabla ya muda wake kuisha, kwamba nikizunguka nitawapelekea watu kifo chako milangoni. Halafu Jumapili anaimba kwaya, tena mstari wa mbele. Nilimjibu kwa heshima kwamba nimesikia. Kusikia nilisikia, lakini nilikwenda, na ndiyo sababu ya barua hii. Haina siri. Wengine nao waisome, maana wengi waliokuja kukuzika hawakujua wamemzika nani.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka vita vya Uganda? Mimi nilikuwa mke mpya bado, napepeta mtama uani. Nikakuona unashuka na begi lako la kijani, umekonda hadi nikakujua kwa mwendo tu. Mama yako akanipita mbio, nami nikadhani anakwenda kukukumbatia. Akasimama mbali na wewe, akanyoosha mkono.

"Simama hapo, mwanangu. Umetoka kwa wafu."

Alikuwa analia alipokuwa akisema hivyo. Akakupa kibanda chako, kibuyu chako na jiko lako. Sisi Wairaqw tunaita metimani: aliyeguswa na kifo hukaa peke yake, hachoti maji na wenzake, na moto wake hauombwi na mtu, mpaka wazee wamtakase na kumrudisha kwa watu. Haukuwa ukatili. Mama yako alikuwa anakulinda wewe na anatulinda sisi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyekuja kukutoa. Mzee aliyetakiwa kuifanya kazi hiyo alikuwa ameshafariki, na katekista akasema hayo ni mambo ya kipagani, tuyaache. Tukayaacha katikati. Ukaja kulala nyumbani kwangu, lakini kwa majirani ulibaki nje.

Wakati ule viberiti vilikuwa adimu. Mwanamke aliyezimikiwa na moto alikwenda asubuhi kwa jirani na kigae chake kuomba kaa. Kabla ya vita walikuja kwangu hadi nikalalamika kwamba jiko langu limekuwa la kijiji kizima. Uliporudi, wakawa wanapita mbele ya mlango wetu, wananisalimia vizuri kabisa, na wanakwenda nyumba ya mbali zaidi. Mimi nilitumaini hujaona. Siku moja ulikuwa unafunga viatu, hukuniangalia.

"Mke wangu, moto wetu una nini?"

Nikainama nikachochea kuni.

Watu walikuona mtu wa kuchekesha. Ulisugua viatu vya mvua kama unakwenda gwaride. Uliwapanga mbuzi mstari kabla ya kuwafungulia, na yule jike mweusi mkaidi ukamwita koplo. Watoto wa kijiji cha Mogitu walikuja kuangalia, nawe ukawapa walichotaka. Yaliyobaki niliyajua mimi. Nilijua unalala umekaa, mgongo ukutani, uso mlangoni. Nilijua kwa nini Krismasi ulimwachia mdogo wako kisu cha kuchinjia, ukaenda kukaa nyuma ya zizi hadi nyama ikaiva. Nilipokuuliza habari za huko ulisema ulirudi na wengine hawakurudi, basi. Nilikukasirikia sana kwa hilo. Miaka yote ile nilikuwa nalala na mtu aliyekuwa zamu.

Kisha Bura akajitoa uhai. Mlikwenda naye vitani na mkarudi naye, na alikuwa amejifungia muda mrefu. Watu walisema ni pepo la vita, wakamzika haraka haraka wakarudi shambani. Wewe hukurudi shambani. Ulichukua kopo tupu la maziwa ukaenda kijiji cha Gehandu kwa Gwandu, mwenzenu wa kikosi kimoja, ambaye tangu asikie habari za Bura alikuwa hafungui mlango. Ukabisha. Ukasema umekuja kuomba moto wa sigara. Wewe, ambaye hukuwahi kuvuta sigara maisha yako yote.

Akakupa. Uliponisimulia ulicheka, kisha ukaacha kucheka ukaingia ndani.

Ndivyo ulivyoianza kazi yako. Kila uliposikia kuna askari wa zamani mahali fulani, ulikwenda na lile kopo, na wakati huo kila nyumba imeshajaa viberiti. Kwanza uliomba moto. Ukishapewa ndipo ulipouliza mguu unaendeleaje, macho yanaonaje. Wenye vipande vya chuma mwilini uliwapakia basi la kwenda hospitali ya Haydom ukakaa nao kwenye benchi hadi waitwe. Uliwaongoza ofisi hii na ile kudai haki zao, wazee wenye fimbo. Vijana wa ofisini wakawapa shikamoo safi na viti vya kukalia, kisha wakawaambia warudi siku nyingine. Siku nyingine mkarudi. Kwenye mkutano wa kijiji ulisimama ukasema maneno ambayo Paskalina anayakumbuka mpaka leo.

"Hatukuja kuomba sadaka. Tumekuja kuhesabiwa tungali hai."

Wachache walisaidiwa. Wengi walikufa wakisubiri, nawe uliwazika mmoja mmoja. Nilikwambia uache, kwamba serikali ni mlima, hausogezwi na vizee. Ukanijibu kwamba serikali ikikusahau utaishi tu, lakini jirani akikusahau utaishi na nani?

Masika haya kifua kikakushinda. Sanduku lako halikuwa na bendera, na nilijua halitakuwa nayo, lakini macho yangu yaliitafuta hivyo hivyo. Wenzako wawili walisimama kwenye tope wakakupigia saluti, mmoja huku amemshika mwenzake asianguke. Gwandu hakuja.

Kisha mkwe wake, yule mke wa mtoto wake, akanipigia simu. Akaniamkia, akanipa pole, halafu akashusha sauti.

"Mama, baba amejifungia tena. Chakula naweka mlangoni, nakikuta vilevile. Mimi naogopa."

Niliogopa na mimi. Bura naye alianza kwa kuacha chakula. Nikalitoa kopo lako chini ya kitanda, nikajifunga kitenge cheusi, nikaondoka wakati mdogo wako yuko malishoni. Njiani wanawake walinipisha kwa heshima, wakakanyaga hadi majani ya shamba ili tusigusane. Nikaelewa ulichotembea nacho miaka yote ile, baba. Nilidhani nakijua. Sikukijua.

Nikabisha kwa Gwandu. Akauliza ni nani.

"Mama Paskalina. Naomba moto."

Nikasikia kitanda kinalia.

"Wewe uko kwenye msiba," akasema. "Hutakiwi kutembea."

"Na wewe hutakiwi kufunga mlango."

"Kwako hakuna kiberiti?"

"Kipo."

Nikasikia anarudi kitandani, nikadhani nimeshindwa. Kisha akasema, taratibu, kama anaongea na ukuta, "Kama na yule amekufa, nani atakuja tena?"

Nilitaka kusema jambo kubwa, kama vile ulivyokuwa ukisema wewe mikutanoni. Halikuja. Nikamwambia, "Nimekuja mimi, shemeji. Nimesimama sana na miguu inauma."

Akafungua. Amekwisha, mume wangu. Shati linaning'inia, ndevu zimemjaa, macho hayataki mwanga. Akaliangalia kopo, ndipo akageuka kutazama jiko lake, nami nikaona aibu inamshika. Jiko lilikuwa baridi. Hakuwa na moto wa kunipa.

Ningeweza kusema basi, si neno. Nikakaa kwenye kigoda nikanyoosha miguu, nikangoja. Akasimama pale, ameshika kiuno. Mwishowe akaenda mlangoni akamwita mkwe wake kwa jina, amletee kaa. Yule binti alilileta anakimbia, analia, bila kujali nani anaona. Gwandu akapiga magoti, akapanga vijiti, akapuliza hadi akakohoa, na mimi sikumsaidia. Kuni zikashika. Tukangoja zifanye makaa. Hakunisimulia habari zako wala sikumwuliza kwa nini hakuja kuzika.

Kisha akachagua kaa moja kubwa, akalishika kwa vijiti viwili, akaliweka ndani ya kopo akanipa mkononi. Mjane hapewi moto. Anajua, ni mzee wa hapa hapa. Alinipa huku ananitazama usoni, na hapo nikalia kilio ambacho sikukilia makaburini. Nilikwenda kumtoa yeye. Sikujua nami nilikuwa nangoja mtu aje kunitoa. Tulikula ugali sahani moja, alikula kidogo, lakini alikula.

Sikudanganyi kwamba amepona. Anaweza kufunga mlango kesho, nami nitatembea tena, na siku moja magoti yangu yatakataa. Nimempa mkwe wake kazi: kila asubuhi, hata jiko lake likiwa linawaka, aende akaombe moto kwa baba mkwe wake.

Kaa lilizimika kabla sijavuka korongo. Sikulimwaga, maana wewe hukuwa unamwaga. Nikalibeba hadi nyumbani, nikamkuta mdogo wako amesimama mlangoni, amekasirika vya kutosha. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ni moto. Akachungulia kopo, akaona majivu, akauliza huo moto uko wapi.

Nikamwambia uko kwa Gwandu, unawaka.

Basi lala sasa, Baba Paskalina. Lala ubavu, unyooshe miguu, mlango usiuangalie. Zamu nimeishika mimi.

Mkeo,
Mama Paskalina