Pasi Moja ya Watu Wawili

Alhamisi, 2 Mei 1957

Idi ya pili. Sikuvaa kipya. Nimekaa nyuma ya pazia, nachambua mchele.

Wamekuja watu wawili kutaka ushauri. Wa kwanza wa Vanga, anakwenda Tanga kuposa. Nikamwambia achukue kadi ya kuchanjwa ndui na barua ya mudiri wa serikali, maana siku hizi za Hali ya Hatari askari wa njiani humuuliza kila mtu kwao wapi. Asicheke nao. Asijibu asiloulizwa. Wa pili mama wa Kinango, anataka kujua kama picha ya pasi inapigwa na ushungi umefunika kidevu. Hapana. Uso wote, mama, kama siku ya kuzaliwa.

Wote wawili walibisha hodi wakamuulizia Salimu. Nikasema hayupo, semeni nami. Shangazi Mishi, anayekaa nami tangu msiba, alinitazama akashika kazi yake. Mume wangu amezikwa tangu Februari, kule nyuma ya msikiti. Msambweni nzima inajua. Watu wa mbali hawajui, na mimi ulimi unakataa.

Jumapili, 5 Mei

Shangazi kanifungulia kasha nitoe shuka. Pasi ikaanguka.

Salimu alikuwa karani wa forodha Vanga ujana wake. Alipostaafu akawa anawaandikia wasafiri hati zao pale barazani, bure, na mimi alinifundisha herufi za Kizungu nimsaidie. Mwaka huu ilikuwa zamu yetu. Hija. Meli inaondoka Mombasa mapema Juni. Pasi moja kwa wawili, ndivyo serikali inavyofanya: mume ndiye mwenye pasi, mke anaandikwa ndani yake. Uso wake, na kando yake wangu.

Sheria naijua, nimewasomea wengine mara nyingi. Mwenye pasi akifa, pasi hurudishwa serikalini, na mke hana pasi. Aombe yake upya, afike mwenyewe ofisini. Na mimi nimo edani, sivuki kizingiti hadi mwisho wa Juni. Meli itakuwa imeshafika Jidda.

Kila mtu ananiambia mwakani. Mwakani! Jicho la kulia limekwisha, naona mwanga tu. La kushoto linaona kama ndani ya chandarua. Daktari kasema ugonjwa huu hauna dawa, unakula taratibu. Nataka kuiona Kaaba kwa macho yangu. Sitaki kusimuliwa.

Jumatano, 8 Mei

Bakari kaja. Ndugu yangu mdogo, wa tumbo moja. Kakaa kitako mkekani, kavua viatu, kanywa chai yote, ndipo akasema.

Salimu alikuwa mtoto wa mjomba wetu. Yeye na Bakari walifanana tangu utoto, pua ileile, paji lileile. Bakari anasema afuge ndevu, avae kofia ya marehemu, asafiri kwa pasi ile. Afisa wa bandarini anatazama picha, anatazama uso, anapiga muhuri. Mimi ni mke nimeandikwa tayari. Na Bakari ni maharimu wangu, sitakuwa na mwanamume wa kando.

“Serikali haijaambiwa, dada. Kwao Salimu yu hai.”

Kweli. Tulimkosha, tukamswalia, tukamzika. Serikali tu ndiyo haikumzika.

Nikamwambia na eda je? Akasema Mungu anajua macho yako. Nimekasirika kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei

Sikusema ndiyo. Sikusema la. Bakari kachukua kofia.

Jumanne, 14 Mei

Anakuja kila alasiri kujizoeza. Jina la baba, la babu, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani forodhani. Mimi ndiye afisa, nauliza kwa sauti nzito. Mwanzo tulicheka. Akikosea nampiga kwa upepeo, kama tulivyokuwa watoto.

Leo hakukosea hata moja.

Shangazi Mishi hacheki. Anatwanga pilipili kwa nguvu kuliko inavyotaka. Kasema neno moja tu alipokuwa akipita: la kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikuwa chumbani nikisoma Yasini. Nikasikia Salimu barazani akimfundisha mtu.

Maneno yake. Usitangulie kutoa pasi, ngoja uombwe. Simama sawa. Jina litaje kama lilivyoandikwa, usiongeze. Hata kile kikohozi chake baada ya kila shauri. Nikanyanyuka, nikawasha jiko, nikabandika maji ya chai. Nilishatia tangawizi, anavyopenda, ndipo nikakumbuka.

Ni Bakari. Alikuja mtu wa Gazi akamuulizia Salimu, Bakari akasema ndiye mimi. Eti anajipima. Mtu kaondoka akisema ahsante sana Bwana Salimu, Mungu akuweke.

Nimemtukana Bakari tusi ambalo mwanamke wa eda hatakiwi kulitamka.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna aliyekuja. Afadhali.

Jumanne, 21 Mei

Nimeweka vikombe viwili tena. Shangazi akakiondoa kimoja. Nimeona haya.

Siogopi maiti. Nilimfunga Salimu kidevu kwa mkono wangu. Ninachoogopa ni kwamba nilianza kuzoea kuwa amekwenda, kidogo kidogo, kama jeraha linavyofunga. Sasa kila alasiri anaingia mlangoni na ndevu zake na kofia yake, ananiuliza nimepika nini. Kwa jicho hili siwezi kupambanua. Naona umbo tu, na mwanga nyuma yake. Moyo unaruka kwa furaha kabla ya akili kufika. Halafu akili inafika, na anakufa tena. Kila siku.

Ijumaa, 24 Mei

Bakari kaenda Mombasa jana kwa wakala wa meli.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilikuwa uani naanika nazi. Mtu kasimama kwenye ukumbi, kofia kichwani. Nikasema karibu Bakari, umerudi mapema. Hakujibu. Nikasema kuna wali. Kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikakasirika, nikasema ukicheza nami nitakupiga. Nilipofika ukumbini hapakuwa na mtu.

Shangazi alikuwa mlango wa mbele tangu asubuhi anasuka ukili. Anaapa hakupita mtu.

Jumamosi, 25 Mei

Bakari karudi leo kwa basi la adhuhuri. Kofia ilikuwa kwake Mombasa siku zote.

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia, nikaogopa atasema ni macho. Labda ni macho. Nimejiambia ni macho mara nyingi leo, na bado sitaki kukaa ukumbini.

Kaleta habari. Majina yameshapelekwa. Bwana na Bibi. Mganga wa serikali atapita Jumatatu kuwadunga sindano mahujaji wa huku.

Jumatatu, 27 Mei

Mganga kaja nyumbani, maana Bakari alimwambia macho yangu mabovu, siwezi kutoka. Shangazi kasimama kati yetu kama ukuta, nikatoa mkono tu kwenye pazia. Sindano inauma, lakini si sana.

Kisha akaita jina la mume wangu. Jina lote, la baba na la babu, kwa sauti ya kazi. Nilisubiri. Wallahi nilisubiri ajibu aliye chini ya udongo.

“Nipo,” akasema Bakari, akakunja mkono wa kanzu.

Mganga akaandika kadi. Salimu amechanjwa. Salimu yu mzima wa afya, anaruhusiwa kusafiri. Nilimsikia mtu huyo akifunga mkoba wake, mpole, mwenye haraka, nikamwonea huruma. Tumemfanya aandike uongo na mkono wake safi.

Jumatano, 29 Mei

Bakari kashikwa na homa ya sindano. Mkewe yuko kwao Kinango, kwa hiyo tumemlaza hapa. Sikutaka alale kitanda kile cha Salimu, Shangazi akasema kingine kiko wapi.

Basi kalala pale pale. Ubavu uleule. Kofia kwenye msumari uleule. Nimemkanda kwa maji mchana kucha, nikapindua kitambaa, nikapindua tena. Mkono ulikuwa unajua kazi. Uliifanya Februari.

Alasiri akafumbua macho, akasema, “Kombo, funga dirisha, upepo unaniingia mifupani.”

Dirisha lilikuwa limefungwa. Na Bakari hajapata kuniita kwa jina langu, Kombo, maisha yake yote. Ananiita dada. Maneno yale nimeyasikia mara moja tu, kinywani mwa mtu mwingine, saa chache kabla ya kukata roho. Februari ile tulikuwa wawili tu chumbani. Sikumwambia mtu.

Nilifunga dirisha lililofungwa. Nilikishika kitasa nikasimama nimekipa kitanda mgongo. Nilimwambia Salimu, kwa moyo, ninaona. Ninaona, usiseme zaidi.

Alhamisi, 30 Mei

Homa imeshuka. Hakumbuki kusema lolote.

Nimemwambia siendi. Akadhani natania. Nikamwambia tena. Akapandisha sauti, akasema majina yameshapelekwa, akasema nitajuta nikiwa kipofu, nitakaa kona nikihesabu tasbihi na kumlaani. Ni kweli huenda nikajuta. Nikamwambia, naenda nyumba ya Mungu kumwambia nimekuja, halafu nimefika na jina la maiti mkono mmoja na ndugu yangu nimemwita mume mkono mwingine? Nitaomba nini pale? Na Salimu nimemfanya nini? Kila mja akifa anapumzishwa. Wangu nimemsimamisha kwenye foleni ya bandari.

Bakari akalia. Sikutarajia. Akasema naye alitaka sana kwenda, zamu yake haitafika kamwe, mtu wa mihogo na nazi. Nikalia naye. Kisha kadi ya chanjo nikaitia jikoni mbele yake, mudiri asije kumshika. Ikawaka mara moja.

Pasi nimempa Shangazi aipeleke kwa mudiri.

Ijumaa, 31 Mei

Mudiri kamtuma karani. Kakaa upande ule wa pazia, mimi upande huu. Kijana mwenye adabu, alitanguliza shikamoo.

Akauliza kwa nini pasi inarudishwa. Nikasema mwenyewe hayupo. Akauliza amesafiri? Akangoja. Shangazi akanishika bega.

Nikasema amekufa.

Akauliza tarehe, nikamtajia. Akauliza mbona tumechelewa kuarifu. Nikasema nilikuwa sijaweza. Hakuuliza zaidi. Alipokwenda, nililala sakafuni nikalia kilio ambacho Februari sikukilia, hadi sauti ikakauka. Shangazi akafunga milango majirani wasikimbilie.

Jumapili, 9 Juni

Meli imeondoka. Kasema mtu aliyepita njiani, hakujua anamwambia nani.

Hasira imenishika siku nzima. Kwa Bakari, kwa serikali, kwa macho, kwa Salimu aliyekufa kabla ya wakati wake. Nimevunja sahani. Niliitaka safari ile. Bado naitaka. Nikifumba jicho la kushoto hakuna kitu, ni maziwa matupu, na najua na hili linakwenda huko.

Ukumbini nimekaa leo tangu adhuhuri. Hakusimama mtu.

Jumamosi, 29 Juni

Eda imekwisha. Shangazi kaniogesha, kanifukiza udi. Nilipovuka kizingiti machozi yalinitoka. Nimemwambia ni jua.

Jumatatu, 8 Julai

Idi ya kuchinja. Mahujaji wako Mina sasa. Bakari kaleta mguu wa mbuzi, ameketi mlangoni bila kuingia. Ndevu kanyoa. Nikamwita ndani, nikamlaumu kwa kuleta mguu uliokonda. Akala na sisi.

Jumanne, 16 Julai

Bakari kanipeleka Kwale kuomba pasi yangu. Yangu peke yangu, kwa mwakani au mwaka mwingine, Mungu akipenda. Karani wa boma akasoma maswali, nikajibu. Jina lako. Nikataja langu. Mume? Marehemu. Macho? Nikamwambia jicho la kulia halioni, la kushoto linaona kidogo. Akasema anauliza rangi. Nikasema meusi.

Picha ilipigwa uani, nimekaa kwenye kiti cha mbao, shuka jeupe nyuma. Nilivuta ushungi, uso wote. Mpiga picha akasema, tazama hapa, mama. Sikuona hapa ni wapi. Palikuwa na weupe mtupu. Bakari akataka kuja kunigeuza kichwa, nikamwambia akae.

“Sema tena,” nikamwambia mpiga picha. Akasema tena. Nikaigeukia sauti.