Chale za Kifuani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Croydon, London. Nimetoa nakala za ripoti ya bosi wangu, Dk. Ambrose, shahidi mtaalamu wa makovu. Kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi ya Gervais, Mkongo wa Bukavu, inasikilizwa Alhamisi. Ripoti inasema: kovu refu la mgongoni ni la mjeledi, vikovu kumi na viwili vya kifuani ni vya wembe wa watesaji. Nikatazama picha. Viwili viwili, vimepangwa sawasawa. Hizo ni chale! Dawa ya kienyeji. Mimi ninazo nne kwenye kiwiko, bibi alinichanja Machame mkono ulipoteguka.
Nimefunga faili. Nani kaniuliza?

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza Nancy, ninayekaa naye Woolwich. Sikutaja jina. Akanicheka: shoga, wewe karani, nyamaza mtu apate makaratasi yake. Lakini jaji aamini jambo lisilo la kweli, kwa nakala nilizobana mimi? Na nikisema, akarudishwa Kongo? Nimechemsha chai mara tatu, sijanywa hata kikombe.

Jumatano, 5 Machi
Nimesema! Nilikunja mkono wa sweta nikamwonyesha daktari kiwiko. Dk. Ambrose akachukua lenzi, akakagua kama sonara. Kicheko cha woga kikanishika, hakikatiki. Naye akacheka. "Elieshi, miaka ishirini ya makovu, na hili sikuwahi kuuliza."
Akampigia Reena, wakili wa Gervais, akamweleza nilichomwonyesha. Reena akamsihi anyamaze tu, upande wa serikali hawajaona. Daktari akamjibu kwamba wajibu wake ni kwa jaji, si kwa aliyemwita. Kosa ni lake, atalisema mwenyewe.
Kwenye tramu nilikuwa mwepesi, natabasamu na watu nisiowajua. Halafu nikamkumbuka Gervais.

Alhamisi, 6 Machi
Mahakamani. Naandika kwa penseli. Daktari kasema: ya kifuani nilikosea, ni chale za tiba. La mgongoni nalisimamia.
Mkalimani kamtafsiria Gervais. Gervais kacheka — kwa sauti! Kwa Kiswahili cha kwao, ambacho njo ni ndiyo: "Ile njo dawa ya mama, nilikuwa nakohoa. Hakuna mutu aliniulizaka."
Hata jaji katabasamu. Nami nikabana kicheko kwa meno.
Mwakilishi wa serikali kainuka: daktari aliyekosea kifuani aaminiwe vipi mgongoni?
Gervais hacheki tena. Reena ananitazama mimi, si daktari. Jaji kashika kalamu, anasubiri.
Dk. Ambrose kavua miwani. Anaomba aanze na asichokijua, chale, ndipo aje kwa anachokijua, mjeledi —